Mashapo ya Chupa ya Mama

Mpaka leo mtu akinipa dawa ya maji akaniambia, "Tikisa kwanza," damu hunichemka. Wajukuu wangu wanadhani ni uzee. Si uzee, ni hasira, na nimeilea tangu enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla, wakati Temeke ilikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba, nasi tukiishi katika nyumba ya makuti kando ya njia ya mchanga iendayo Mbagala. Sitaki kuambiwa nisamehe. Aliyepaswa kuombwa radhi ameshakufa, na aliyepaswa kuomba hakuwahi hata kujua kwamba amekosa.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Wanawake wa namna hiyo walikuwako, ingawa siku hizi watu huzungumza kana kwamba walimu wote walikuwa wanaume wenye ndevu. Alisomeshwa na babu, baba yake, na babu alipofariki watoto walibaki pale pale barazani, mama akaukalia mkeka wa babu bila kumwomba mtu ruhusa. Wazazi wa wale watoto walikuwa makuli wa bandarini, wauza samaki na wakulima wa mihogo. Mama hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Akipita njiani, vijana waliokuwa wakitukanana walinyamaza mpaka apotee machoni.

Kingine alichojulikana nacho ni kombe. Alichukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa wino wa zafarani na kalamu ya mwanzi, akaacha zikauke, kisha akaiosha sahani kwa marashi, na yale maji ya manjano ndiyo aliyopewa mgonjwa anywe. Kwa mgonjwa wa siku nyingi aliyatia chupani. Hapo sheria zake hazikuwa na mjadala. Chupa ya kombe huwekwa juu, pamoja na msahafu. Hailazwi, wala haitikiswi kama chupa ya siki, kwa sababu yale ni maneno ya Mungu na maneno ya Mungu hayasukwisukwi. Zafarani ikizama chini, iache izame. Siku ya mwisho mgonjwa anywe mpaka mashapo, asuuze chupa kwa maji kidogo, na hayo ayanywe, maana baraka imekaa chini. Tone likibaki, limwagwe kwenye shina la mti, mahali pasipokanyagwa na mguu wa mtu. Kila aliyekuja kuchukua kombe alikalishwa akaambiwa haya yote, hata kama alishawahi kuambiwa, hata kama alikuwa na haraka. Nilikuwa nikichoka kuyasikia.

Basi huyu aliyewaandikia watu wakainuka vitandani, yeye mwenyewe alikuwa na kipandauso. Kilimwanza baada ya kunizaa mimi, na hakikumwacha. Kilimkamata upande mmoja wa kichwa, jicho likabubujika machozi, akatapika, akalala chumbani na kanga imekazwa kichwani kama mzigo wa kuni, mlango umefungwa, na huko barazani watoto wakarudishwa makwao. Alichanjwa, akafukizwa, akapakwa kila jani linaloota Temeke. Alijiandikia kombe pia. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na sanduku langu, na siku hizo za maumivu nilikuwa nikiwashika wale wadogo wa alifu na bee, lakini wakubwa sikuwaweza. Wazazi walianza kunung'unika kwamba mtoto anasoma leo, kesho anakaa nyumbani.

Ndipo nikamwambia twende zahanati ya serikali kule mjini. Alikataa, nikamng'ang'ania, akakubali. Tulikwenda kwa miguu. Daktari wa Kizungu alimtazama macho, akamgongagonga shingo, akasema maneno machache kwa lugha yake, na dresa, yule msaidizi wa kugawa dawa, akatukabidhi chupa dirishani. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema. Hakutuangalia usoni. Alikuwa akizungumza na mtu mwingine ndani kuhusu viatu.

Dawa ilikuwa ya kijani iliyofifia, na ilinuka peremende juu na kitu kama majani makavu chini yake. Na ilifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Si kwamba kipandauso kiliisha. Kilikuja kama mgeni aliyekosea mlango, kikasimama kidogo, kikaenda zake. Mama alilalamika kinywa kikavu tu, na hamu ya kula ikamrudia, akawa anaomba ukoko wa wali. Barazani watoto walisoma mfululizo. Nilimsikia siku moja akiimba kaswida huku akipepeta mchele, nami sikuwa nimemsikia akiimba tangu nilipokuwa mtoto.

Aliiweka ile chupa wapi? Juu, pamoja na msahafu. Dawa yoyote ya chupa kwake ilikuwa na heshima ya kombe, iwe imetoka kwa Mungu au kwa Mzungu. Nilipoishusha mara moja nikaigeuzageuza kutazama kilichokuwa kikizama chini, kitu cheusi cheusi kilichong'ang'ania kioo, alinifokea. "Usiitikise, we mtoto! Dawa inataka kutulia." Nikairudisha. Nani angempinga? Ndivyo tulivyolelewa wote.

Sasa ikaja siku ya kuhitimu. Binti wa jirani yetu mwenye kibanda cha chai alikuwa amefika mwisho wa Kurani, na siku kama hiyo mtoto husoma sura za mwisho mbele ya watu, mwalimu anaomba dua, ndipo sinia za kashata na vitumbua zinafunuliwa. Jirani alialika watu mpaka wa Keko. Baraza lilitandikwa mikeka mipya. Mama aliamka akiwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba kipandauso kisije kikamvamia mbele ya wageni. Chupa ilikuwa imebaki kidogo sana. Akaishusha, akasema bismillahi, akanywa mpaka mashapo. Kisha akatia maji ya uvuguvugu, akayaacha yalainishe kile cheusi, akakikwangua kwa kijiti cha kalamu mpaka kioo kikawa cheupe, akayanywa na hayo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikimshikia kanga yake ya kutokea. Tuliridhika wote wawili kwamba hakuna kilichopotea.

Mtoto alianza vizuri. Mama alikuwa amekaa mbele yake na kijiti cha kufuatishia mistari. Baadaye niliona kile kijiti kimesimama. Mtoto alifika mwisho wa aya, akangoja, mama hakusema kitu. Alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akatabasamu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mama yangu, ambaye watu wa Temeke hawakuyajua meno yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka ushungi ukateleza. "Rudia," alimwambia mtoto, "hiyo aya umeianza mwaka jana, bado hujaimaliza?" Akacheka tena. Watu walidhani ni utani, wengine wakacheka naye, kisha wakaacha, na yeye akaendelea peke yake.

Ningetamani ingeishia hapo. Alinyoosha mkono akafunua sinia kabla ya dua, akachukua kashata, akala, akachukua nyingine, akala, mbele ya watu wazima waliokaa kwa adabu. Nilimshika bega. Akanigeukia, na nilipoyaona macho yake, mekundu, mazito, nikaogopa. Akaninong'oneza kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mwanangu, mie nimekufa. Mbona hamnioshi?" Akaanza kulia. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kiasi kwamba niliuhisi kupitia kanga.

Jirani alisimama. Sikumchukia mpaka siku ile, lakini nilianza pale pale na sijamaliza. "Macho hayo nayajua mie," alisema. "Hiyo bangi. Mwalimu kavuta bangi, kaja kukaa na msahafu." Aliyajua kweli, maana mdogo wake mwenyewe alikuwa akivuta nyuma ya kibanda kila siku iliyojaliwa na Mungu, na yeye akijifanya ni moshi wa mkaa. Akamshika binti yake mkono, akamwondoa na Kurani haijaombewa dua. Wengine wakaokota viatu. Wanawake walinisaidia kumwingiza mama ndani, na hata wao walikuwa wakinusa kanga yake walipodhani siwaoni.

Alilala mchana kutwa. Alipoamka, kichwa chake kilikuwa salama na alikumbuka kila kitu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mlevi husahau, mama hakupewa hata hiyo rehema. Aliniambia kwamba aya moja ilikuwa ndefu kama njia ya kwenda Kilwa, kwamba mikono yake ilikwenda mbali naye, kwamba alisikia kicheko akadhani ni cha mtu mwingine na akataka kumnyamazisha. Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye mkeka wake. Hakuja mtoto hata mmoja.

Nikajifunga kanga, nikaificha chupa tupu kwapani, nikaenda mjini. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nirudi na neno la serikali kwamba mama alikunywa dawa, si bangi, ili kila mzazi alisikie na watoto warudi. Nilijipanga foleni juani mpaka nikafika dirishani.

"Shikamoo, bwana."

Hakuitikia. Nikaendelea. "Mie mtoto wa yule mwalimu wa Temeke, mwenye kipandauso. Jana kanywa dawa yako, kachanganyikiwa mbele ya watu. Sasa wanasema kavuta bangi. Naomba unipe mtu wa zahanati aje awaambie kwamba ile ni dawa."

Aliipokea chupa, akaiinua kwenye mwanga, akainusa, akacheka. Kicheko kile bado ninacho masikioni. "Kainywa mpaka chini?"

"Mpaka chini. Kasuuza na chupa. Si ndivyo inavyonywewa dawa?"

"Basi watu wenu hawajakosea sana, bibie. Hii ni bangi. Bangi imelowekwa kwenye spiriti, inatoka Ulaya kwa meli, sie tunaichanganya na maji. Kidogo ni dawa. Lakini haipatani na maji, ile kali inazama, ndiyo maana mtu anatikisa chupa kabla ya kunywa. Mama yako kanywa maji yenye chembe tu ya bangi siku zote hizo, halafu bangi yenyewe kaimeza kwa siku moja. Ashukuru kaamka."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa. Nilikuja kuchukua neno la kumsafisha mama, na neno lenyewe lilikuwa chafu kuliko uvumi. Bangi, tena ndani ya pombe.

"Ulimwambia atikise?" nilimuuliza.

"Kila mtu anajua dawa ya chupa inatikiswa."

"Nakuuliza, ulimwambia?"

"Dada, kuna watu nyuma yako. Kama mama yako hakusoma, si kazi yangu kumsomesha."

Hakusoma! Mama yangu, aliyekuwa akisoma kabla ya jua kuchomoza mpaka macho yakamwuma, aliyewafundisha nusu ya Temeke kushika kalamu. Nilipiga ubao wa dirisha kwa kiganja. "Mama yangu kasomesha watu wengi kuliko meno uliyonayo kinywani," nilimwambia, "na wote aliwaambia namna ya kunywa walichopewa!" Alinisukumia chupa nyingine, imejaa, kizibo kimefungwa kwa nta. "Mpe hii. Mwambie atikise." Neno lile, ambalo halikumgharimu hata pumzi, alilitoa siku ile kwa urahisi kama mtu anayetema kokwa ya embe. Nikaichukua chupa, kwa sababu kipandauso kilikuwa bado kipo na hakijali hasira ya mtu.

Njiani nilipita karibu na shamba la migomba la mtu mmoja ambaye miezi michache nyuma askari walimfuata. Alikuwa na mashina machache ya bangi nyuma ya migomba. Waling'oa, wakayachoma hapo hapo, wakamwongoza barabarani amefungwa kamba, watoto wakimfuata. Mkewe alikuwa bado analima peke yake siku niliyopita. Na mimi nilikuwa nimebeba bangi ya serikali kwapani, ina nta na karatasi ya maandishi ya Kizungu, na askari niliyepishana naye kwenye njia panda alinipisha kwa heshima. Nilitamani nimwonyeshe. Nilitamani niivunjie miguuni pake. Serikali gani hii, nilijiuliza, inayomfunga mtu kwa jani, kisha inamnywesha mwalimu wa Kurani jani lile lile bila kumwambia?

Mama nilimkuta barazani anachonga kalamu za watoto ambao hawakuja. Nilikuwa nimejipanga kumficha habari ya spiriti. Aliponitazama tu nikashindwa, nikamweleza yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na mwezi wote huu nimesali nayo tumboni," alisema.

"Hukujua, mama."

"Najua kama sikujua." Aliweka kisu chini. "Kwa nini hakuniambia? Mie mtu akija hapa na maradhi yake, simwachi aondoke mpaka nimwambie namna ya kunywa. Hata mjinga. Hata mtoto. Yeye kwa nini hakuniambia?"

Nilimpa chupa mpya, nikamwonyesha jinsi ya kuitikisa. Alinishika mkono ukiwa hewani. "Iache," alisema, akaichukua, akaenda nayo ndani.

Alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Aliwaita wazazi, akasimama barazani mwenyewe, akawaambia kwa kinywa chake: alipewa dawa, ndani mna bangi na pombe, hakujua, aliinywa kama kombe kwa kuwa hakuambiwa vinginevyo, na anayetaka kumwondoa mtoto wake amwondoe. Wanawake walilia. Baadhi ya watoto walirudi. Jirani alisimama mwisho, mikono nyuma, akaondoka, na kabla ya Ijumaa kibanda chake kizima kilikuwa kikimwita mama Mwalimu Bangi. Jina likashika. Wavulana walikuwa wakipita mbele ya nyumba wakiiga kile kicheko. Yule binti yake hakuombewa dua yake kamwe. Aliozeshwa na Kurani ikiwa imeishia pale pale mama alipocheka.

Watu wenye elimu ya dini walimwambia mama kwamba mgonjwa ana ruhusa, kwamba Mungu hamwandikii dhambi mtu kwa dawa. Aliwasikiliza kwa adabu. Kipandauso kikarudi kama zamani, na sasa kilikuja mara nyingi zaidi. Akaikaza kanga kichwani, akatapika, akalala na mlango umefungwa, na zile siku wale watoto wachache waliobaki wakapungua tena, mpaka mwisho mkeka ulikuwa wake na wangu tu. Nilimsihi. Nilimkasirikia, nilimwambia, "Mama, itikise unywe, basi, unajitesa kwa kosa la mtu mwingine!" Alinijibu akiwa amefumba jicho, "Kichwa kikiuma nakijua ni changu." Nilitoka nje nikampiga teke kuku wa watu.

Alikufa miaka mingi baadaye, kwa homa, vita vimekwisha na watu wa bara wamejaa Temeke na nyumba za mabati. Niliposafisha chumba chake nilikuta sahani zake za kombe zimepangwa, na nyuma yake, imefungwa kwenye kitambaa safi, ile chupa. Nta haikuguswa. Maji juu yalikuwa meupe kabisa na chini kilikaa kidole kizima cha kile cheusi. Hakuinywa, wala hakuimwaga, kwa sababu dawa haimwagwi ovyo.

Niliitikisa. Cheusi kikainuka, kikajiachia kioo, chupa yote ikawa ya kijani sawasawa kuanzia juu mpaka chini. Ilichukua muda wa kusema bismillahi. Muda huo ndio yule dresa alioukosa kwa ajili ya mama yangu.

Nikatoka nayo mpaka barabarani, mbele ya kile kibanda cha chai, nikavunja nta, nikaimwaga yote pale wanapokanyaga watu wote. Nilisimama mpaka mchanga ulipoinywa na makuli waliokuwa wakirudi kazini wakapita juu yake. Kisha nikarudi ndani kuosha sahani zake.